Fuata aliyelipa mkate: kumtafuta babu aliyekulia katika umaskini wa Uingereza ya Malkia Victoria

Jumamosi ya tarehe 20 Februari 1847, kaskazini mwa Wales, kijana mmoja alimbeba mabegani mtoto wa miaka sita akamwambia anampeleka kwa dada wa mama yake. Njia ilikuwa ndefu, na mtoto alipoanza kuuliza maswali, kijana alimpoza kwa maneno matamu. Mwishowe wakasimama mbele ya jengo kubwa la mawe lenye geti la chuma. Kengele ikalia, mtu akafungua, mtoto akaingizwa ndani, mlango ukafungwa. Hapakuwa na dada wa mama. Pale palikuwa nyumba ya maskini ya St Asaph, jengo la kuwatunza wasio na uwezo kwa kodi, na mtoto yule alikaa humo mpaka alipotimiza miaka 15.

Waliomwandikisha walimwita John Rowlands. Sisi tunamjua kwa jina jingine: Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, na ambaye watu wa Kongo walimwita Bula Matari. Wapagazi waliotoka Unguja na Bagamoyo kubeba mizigo yake walionja viboko vyake, na utoto wa shida haufuti deni hilo. Naanza naye kwa sababu nyingine. Yeye ni mfano mzuri kuliko wote ninaoujua wa jinsi mtoto aliyetupwa Uingereza ya karne ya 19 anavyoweza kufukuliwa kwenye makaratasi, hata kama mwenyewe alitumia nusu ya maisha yake kuyaficha. Aliwaambia watu kuwa ni Mmarekani. Lakini kule Denbigh, katika daftari la ubatizo la kanisa la Mtakatifu Hilary, lilikuwapo jina lake la mwaka 1841, jina la mama yake Elizabeth Parry, na pembeni neno moja zito: mwanaharamu.

Wasomaji wa Kiswahili wenye watoto wa damu mbili, au walioolewa na kuoa Uingereza, huwa wanakutana na ukuta uleule. Bibi mkwe anasema, "Babu yangu alikuwa yatima, hatujui zaidi." Mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba umaskini haukuandikwa. Uliandikwa sana. Tajiri wa wakati ule aliweza kuzaliwa, kuoa na kufa huku serikali ikiwa na karatasi tatu tu juu yake. Maskini alikuwa gharama, na gharama huandikwa senti kwa senti. Kila mkate uliotoka kwenye kodi ulikuwa na mtu aliyeulizwa: umempa nani, ametoka wapi, na kwa nini tumlipie sisi na si wale wa parokia ya jirani (yaani eneo la kanisa, ambalo ndilo lililopaswa kuwalisha maskini wake)? Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja: usimfuate mtoto, mfuate aliyelipa mkate wake.

Neno yatima lilikuwa na upana wake

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea mwanzoni kabisa. Msomaji Mwislamu hana shida kuelewa kwamba yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yupo. Waingereza wa enzi za Victoria nao walilitumia neno lao kwa upana wa namna hiyo, na zaidi. Mtoto wa mjane aliweza kuitwa yatima. Mtoto ambaye baba yake kakimbilia baharini aliweza kuitwa yatima. Mtoto ambaye mama yake yuko gerezani au hospitali ya wagonjwa wa akili, vilevile. Wajukuu wakilisikia wanatafuta makaburi mawili ya mwaka mmoja, wasiyaone, wakakata tamaa.

Mtazame Charlie Chaplin. Mwaka 1896, akiwa na miaka saba, aliingia nyumba ya maskini kusini mwa London pamoja na mama yake Hannah na kaka yake Sydney. Baadaye watoto walipelekwa shule kubwa ya watoto wa maskini kule Hanwell, na Sydney akahamishiwa kwenye meli ya mafunzo iitwayo Exmouth. Wazazi wote wawili walikuwa hai! Baba alikuwa mwimbaji wa majukwaani, na wakuu wa nyumba ya maskini walimwandama ili alipe gharama za wanawe. Mama aliugua akili na mwaka 1898 akalazwa hospitali ya Cane Hill. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba cheti cha kuzaliwa cha Charlie hakijapatikana hadi leo. Mtu maarufu kiasi kile hana cheti, lakini madaftari ya umaskini yanaye.

Pia zilikuwapo taasisi zilizolibana neno yatima kwa maana yake ya mwisho. George Müller, aliyejenga makao makubwa ya watoto Ashley Down, Bristol, alitaka mtoto awe amefiwa na wazazi wote wawili, na wazazi hao wawe walioana kihalali. Ukimkuta babu yako kwenye orodha za Müller, umeshajua mambo matatu kabla hujafungua faili lake: baba kafa, mama kafa, ndoa ilikuwapo. Mtoto wa nje ya ndoa hakupokelewa, hata kama alikuwa hana mtu duniani. Sheria za kupokea watoto zilikuwa kali hivyo, na ukali wenyewe ni ushahidi.

Anza na unachokijua, rudi nyuma

Usajili wa vizazi, ndoa na vifo wa serikali ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Scotland ilianza mwaka 1855, na ina sheria zake na ofisi zake, kwa hiyo usichanganye. Kabla ya hapo ni madaftari ya makanisa tu. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: mpaka mwisho wa mwaka 1874, kazi ya kukimbizana na vizazi ilikuwa zaidi ya msajili mwenyewe. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1875 ndiyo iliyowabebesha wazazi jukumu hilo na faini juu yake. Mama maskini aliyejifungulia chumba cha kupanga mwaka 1850, mtaa wa watu wanaohama kila wiki, aliweza kabisa kupita bila mtoto wake kuandikwa. Usipokiona cheti, usiseme kapotea. Nenda kwenye ubatizo.

Siku hizi faharasa ya ofisi kuu ya usajili iliyoko mtandaoni inaonyesha jina la ukoo la mama kwa vizazi vya tangu 1837. Hilo ni dirisha kubwa. Ukiona nafasi ya jina la mama iko tupu, mara nyingi maana yake ni kwamba mtoto alizaliwa nje ya ndoa na amebeba jina la ukoo la mama. Na kwenye vifo faharasa hiyohiyo inaonyesha umri, kwa hiyo unaweza kuwachuja wafu wanaofanana majina bila kununua cheti cha kila mmoja.

Cheti cha ndoa ni kizuri lakini kina mtego wake. Kina sehemu ya jina la baba na kazi yake. Mtu aliyelelewa bila baba, akisimama mbele ya kasisi na wakwe wanamtazama, afanyeje? Wengine waliacha mstari mtupu. Wengine walitaja babu mzaa mama kana kwamba ndiye baba. Wengine walibuni mtu, wakampa na kazi ya heshima. Nimeona watu wakitumia miaka kumtafuta seremala ambaye hajapata kuishi. Kabla hujamwamini baba wa kwenye cheti cha ndoa, mtafute kwenye sensa ambamo bwana harusi ni mtoto. Kama hayumo kwenye sensa hata moja, mtilie shaka.

Na sensa yenyewe ilikuwa kila baada ya miaka kumi: 1841, 1851, 1861 na kuendelea. Ile ya 1841 ni maskini wa habari. Umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi nambari inayogawanyika kwa tano, na uhusiano wa watu ndani ya nyumba haukuandikwa. Kuanzia 1851 unapata uhusiano, umri na parokia ya kuzaliwa. John Rowlands yumo katika sensa ya 1851, mtoto wa miaka kumi, ndani ya nyumba ya maskini ya St Asaph.

Miaka kumi ni mirefu kwa mtoto. Aliyekuwa kifuani mwa mama mwaka 1861 anaweza kuwa mtumishi wa jikoni kaunti nyingine mwaka 1871. Ndiyo maana usimtafute peke yake. Watafute ndugu zake wote, hata yule aliyefariki mdogo. Mama aliyefiwa akiolewa tena, karani wa sensa mara nyingi aliwapa watoto wote jina la baba wa kambo, na hapo wanakupotea machoni. Tena Kiingereza cha wakati ule kilimwita mtoto wa kambo kwa neno ambalo leo maana yake ni mkwe. Ukiona "mkwe" wa miaka sita, usicheke wala usidhani karani kalewa. Huyo ni mtoto wa mke kutoka ndoa ya kwanza, na umepata ndoa mbili kwa mstari mmoja.

Ndani ya nyumba ya maskini

Sheria ya mwaka 1834 iliziunganisha parokia katika miungano takriban 600, kila mmoja ukiwa na bodi ya walezi waliochaguliwa na walipa kodi, na nyumba yake ya maskini. Katika orodha za nyaraka neno la kutafuta ni workhouse. Nia ya sheria haikufichwa: maisha ya humo yawe mabaya kuliko maisha ya kibarua maskini kabisa wa nje, ili asiingie ila aliyeshindwa kabisa. Familia ziliingia pamoja mlangoni, zikatengana ndani. Baba upande huu, mama upande ule, wavulana na wasichana wa kuanzia miaka saba kila kundi na yadi yake.

Utengano huu ulifanya nini kwa watoto? Stanley anasimulia kwamba siku moja mwalimu alimwonyesha mwanamke mrefu aliyeingizwa humo pamoja na watoto wawili, akamuuliza kama anamjua. Hakumjua. Alikuwa mama yake. Sisi tunasema yatima hadeki, lakini huyu hakuwa yatima. Mama yake alikuwa chini ya paa lilelile, na hakuna kati yao aliyejua aanzie wapi.

Madaftari ya kutafuta ni haya. Lipo la kuingia na kutoka, lenye tarehe, umri, parokia iliyombebesha gharama na mara nyingine sababu: kafiwa, kaachwa, mgonjwa. Lipo daftari la dini, ambalo lilikuwa lazima tangu mwisho wa miaka ya 1860 ili watoto wa Kikatoliki wasilelewe Kiprotestanti kimyakimya. Humo mara nyingi utakuta jina la ndugu wa karibu na anwani yake. Kwa maoni yangu hili ndilo daftari linalodharauliwa kuliko yote, na ndilo linalofungua milango mingi. Halafu yapo mahojiano ya makazi. Kwa sheria, kila maskini alikuwa na parokia yake ya haki, ile iliyopaswa kumlisha, na walezi wa mahali pengine walikuwa na kila sababu ya kumrudisha huko. Basi walimweka kitako wakamhoji: ulizaliwa wapi, baba yako alipanga nyumba gani, ulifanya kazi kwa nani mwaka mzima, uliolewa lini na wapi. Majibu yakaandikwa na kuapiwa mbele ya mahakimu. Mwanamke asiyejua kusoma, aliyeweka alama ya msalaba badala ya sahihi, ameacha hapo wasifu wake mzima, kwa sababu tu parokia mbili ziligombania nani ampe mkate.

Madaftari haya kwa kawaida yako kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti, na ya London yako kwenye hifadhi ya jiji; mengi ya London yameshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Barua kati ya walezi na serikali kuu, tangu 1834 hadi 1900, ziko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Kew, London, katika mfululizo unaoitwa MH 12, maelfu ya majuzuu. Humo zimo hata barua za maskini wenyewe wakilalamika. Sehemu ndogo tu imewekewa faharasa ya majina. Iliyobaki lazima uisome kurasa kwa kurasa.

Jambo moja la kuzingatia: maskini wengi hawakuingia kabisa kwenye majengo hayo. Walipewa mkate na shilingi chache wakiwa majumbani mwao, na madaftari ya msaada huo yamepotea zaidi ya yale ya majengo. Mjane aliyeandikwa maskini kwenye sensa, akiwa kwake na watoto wanne, huenda ni huyo.

Waliopelekwa mbali

Mtoto akitoweka ghafla Uingereza kati ya umri wa miaka saba na kumi na tano, na cheti cha kifo hakipo, kwanza tazama mahakama. Sheria ya mwaka 1866 iliwapa mahakimu uwezo wa kumpeleka shule ya viwanda, yaani shule ya kulala iliyofundisha kazi za mikono, mtoto wa chini ya miaka 14 aliyekutwa akiombaomba, akizurura bila makazi, au mwenye mzazi aliyefungwa. Hakuwa ametenda kosa, lakini alishikiliwa kwa miaka. Magazeti ya mji yaliripoti kesi hizi kwa mistari miwili mitatu, na mistari hiyo huwa na mtaa, jina la mama, na wakati mwingine maneno yake.

Pili, tazama Kanada. Kuanzia mwaka 1869, alipoanza Maria Rye, na mwaka uliofuata Annie Macpherson, watoto wapatao 100,000 walisafirishwa huko katika miongo iliyofuata wakafanye kazi za shamba na za nyumbani. Wengi walikuwa na mzazi hai. Hifadhi ya nyaraka ya Kanada ina orodha ya majina yao inayotafutika bure. Familia nyingi za Uingereza zilizozoea kusema "alikufa mdogo" zina binamu Ontario.

Tatu, Thomas Barnardo, mfadhili wa watoto maskini wa London. Alifungua nyumba yake ya wavulana Stepney mwaka 1870, na tangu 1874 watoto walikuwa wakipigwa picha wanapoingia. Ukipata faili, unaweza kupata uso. Lakini ujue kwamba picha zake za mwanzo za "kabla na baada" zilichunguzwa na wasuluhishi mwaka 1877, na ikaonekana baadhi zilipangwa, nguo zikachanwa zaidi ili wafadhili walie. Matambara ya babu yako huenda si yake. Faili lenyewe linaombwa kwa shirika lililorithi kazi hiyo, nawe utatakiwa kuonyesha uhusiano wako na mtoto.

Vipi kama aliasiliwa? Hapo hakuna karatasi ya kutafuta. Uingereza na Wales hazikuwa na sheria ya kuasili mpaka mwaka 1927. Kabla ya hapo jirani alimchukua mtoto, akampa jina lake, basi. Kwenye sensa anaweza kuonekana kama mpangaji wa miaka mitatu, mgeni, au mtoto wa kulelewa kwa malipo. Mpangaji wa miaka mitatu hayupo duniani. Kila ukimwona, uliza nani alikuwa anamlipia.

Stanley naye alidai kwamba aliasiliwa na mfanyabiashara tajiri wa New Orleans aliyempa jina. Waliokwenda kuchunguza makaratasi ya mji ule wamekataa: jina alijichukulia mwenyewe. Simulizi za namna hii ziko katika familia nyingi za watu waliokulia kwenye majengo yale, nami sizioni kuwa uongo wa kawaida. Mtoto asiyekuwa na mtu wa kumdai alijitengenezea mtu. Ila mtafutaji lazima azishike kwa mkono mwepesi.

Hata kuondoka kwa Stanley pale St Asaph kuna maelezo mawili. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1909, baada ya kifo chake, anasema kwamba mwalimu James Francis, mkatili mwenye mkono mmoja, alitaka kumchapa bila hatia. Yeye akapigana naye, akamwangusha na kumchapa yeye, kisha akaruka ukuta na rafiki yake wakakimbia. Daftari la St Asaph la Mei 1856 lina mstari mfupi tu: ametoka, amekwenda kwa mjomba wake, Holywell. Hakuna pigano wala ukuta. Lakini kuna mjomba, na kuna mji. Mtafutaji aliyefika kwenye mstari huo ameshajua daftari la kufungua kesho asubuhi, na jina la mahali pa kuliulizia.